Chupa 68 na Risasi Moja: Miaka Mia ya Polisi na Dereva Marekani

Desemba 15, 1921, maofisa wa serikali ya Marekani waliopewa kazi ya kukamata pombe walikuwa garini kwenye barabara ya kutoka Grand Rapids kwenda Detroit, jimboni Michigan. Ulikuwa mwaka wa pili tangu pombe ipigwe marufuku nchi nzima. Njiani walipishana na gari dogo aina ya Oldsmobile, wakalitambua. Miezi michache nyuma walikuwa wamejifanya wanunuzi wa wiski mbele ya George Carroll na John Kiro. Biashara ile ilivunjika, lakini sura za watu hao na gari lao ziliwabaki kichwani. Safari hii waligeuza, wakalifuata, wakalisimamisha kama kilomita 26 kutoka Grand Rapids. Hati ya upekuzi hawakuwa nayo. Walitafuta huku na huku bila kuona kitu, hadi mmoja alipogonga mgongo wa siti na kuukuta mgumu kuliko kawaida. Walipoupasua, ndani mlikuwa na chupa 68 za wiski na jini.

Carroll na Kiro walitiwa hatiani, wakakata rufaa hadi Mahakama ya Juu. Hoja yao ilikuwa kwamba Marekebisho ya Nne ya Katiba yanamkinga raia na upekuzi holela, na kwamba askari akitaka kupekua sharti kwanza apate hati ya hakimu. Machi 1925 majaji saba dhidi ya wawili waliwakatalia. Jaji Mkuu William Howard Taft, aliyewahi kuwa rais wa nchi hiyo, alitofautisha gari na nyumba. Nyumba utaikuta kesho palepale ilipo, lakini ukienda kumsubiri hakimu aandike hati, gari litakuwa limeshavuka mpaka. Kwa hiyo askari mwenye sababu ya msingi ya kuamini kwamba gari limebeba haramu anaweza kulisimamisha na kulipekua papo hapo.

Siku ile hakuna aliyepigwa risasi, na kesi yenyewe ingeweza kusahaulika kama habari ya wauza pombe wawili. Lakini hapo ndipo mamlaka ya askari juu ya mtu aliye garini yalipoanza kuachana na mamlaka yake juu ya mtu aliye nyumbani kwake. Marekani haijawahi kutunga sheria inayosema kwamba taa mbovu ya breki inaweza kumtoa mtu roho. Ilifika huko haba na haba, kesi baada ya kesi, na kila kesi ilikuwa na sababu iliyoonekana ya busara kwa wakati wake. Kwanza ilikuwa pombe, kisha usalama wa askari, kisha dawa za kulevya.

Kabla ya gari kuenea, mtu mwenye kazi na familia yake angeweza kuishi mpaka anazikwa bila kuulizwa neno na polisi. Kazi ya polisi ilikuwa na walevi, vibaka na wazururaji. Mwanahistoria wa sheria Sarah Seo ameeleza kwa kina jinsi gari lilivyoibadili hali hiyo. Mwaka 1900 Marekani ilikuwa na magari yaliyosajiliwa kama 8,000, na kufikia 1929 yalikuwa yamezidi milioni 20. Miji na majimbo yakatunga kanuni za mwendo, taa, breki, kona, maegesho, leseni na namba za usajili. Kanuni zikawa nyingi kiasi kwamba haikuwa rahisi kutoka nyumbani hadi sokoni bila kuvunja mojawapo, na daktari, mchungaji na mwalimu wote wakajikuta wakosaji. Huko Berkeley, California, mkuu wa polisi August Vollmer, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa upolisi wa kisasa wa Marekani, aliwatoa askari wake kwenye doria ya miguu akawapandisha magari. Tangu hapo, kwa kuwa kila dereva alikuwa na kosa, aliyebaki na uamuzi wa nani asimamishwe na nani aachwe apite alikuwa askari.

Wamarekani Weusi hawakuhitaji kuambiwa uamuzi huo ungeelekea wapi. Kuanzia 1936 Victor Hugo Green, tarishi wa posta wa Harlem, New York, alichapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri Weusi kwenye hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambako hawangefukuzwa. Kulikuwa na miji ambamo mtu Mweusi alitakiwa awe ameshatoka kabla jua halijazama. Gari la mtu binafsi lilimwokoa na siti za nyuma za basi, lakini lilimpeleka mikononi mwa askari wa barabarani.

Jioni ya Agosti 11, 1965, askari wa barabara kuu wa California alimsimamisha Marquette Frye, kijana Mweusi wa miaka 21, karibu na Watts, Los Angeles, akimshuku kuendesha akiwa amelewa. Mama yake akaja, watu wakajaa, ugomvi ukazuka, na eneo lile likawaka moto kwa siku sita. Watu 34 walikufa. Mwaka mmoja haujatimia, Mei 1966, Leonard Deadwyler alikuwa akiendesha kwa kasi katika jiji hilohilo kumkimbiza hospitali mkewe, mjamzito aliyekuwa na uchungu. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kwenye antena ya gari, kama walivyozoea kwao Georgia kuonyesha kwamba ndani kuna dharura. Polisi wa Los Angeles hawakuijua alama hiyo. Walimfukuza, wakamsimamisha, na askari mmoja akaingiza bastola dirishani. Baadaye alieleza kwamba gari lilisogea ghafla, bastola ikafyatuka. Deadwyler alifia palepale ubavuni mwa mkewe.

Uchunguzi wa kifo hicho ulirushwa moja kwa moja kwenye televisheni, jambo geni kabisa wakati huo. Mwanasheria wa familia alikuwa kijana ambaye baadaye dunia nzima ingemfahamu, Johnnie Cochran. Uamuzi ukawa kwamba askari hakutenda jinai. Maelezo yale, kwamba gari lilisogea, yangerudi tena na tena mahakamani katika miaka iliyofuata, kwa majina mengine na katika miji mingine.

Katika miaka ya 1970 Mahakama ya Juu iligeukia usalama wa askari. Harry Mimms alisimamishwa Philadelphia kwa sababu muda wa namba za gari lake ulikuwa umekwisha. Askari alimwamuru ashuke, akauona uvimbe chini ya koti lake, na uvimbe huo ukawa bastola. Mwaka 1977 Mahakama iliamua kwamba askari anaweza kumshusha dereva yeyote aliyesimamishwa kihalali, hata asipokuwa na dalili ya hatari, kwa kuwa usumbufu wa kushuka ni mdogo ukilinganishwa na hatari anayoikabili askari anayekaribia gari la mtu asiyemjua. Mwaka 1997 ruhusa hiyo ilifikishwa kwa abiria pia.

Breki zilikuwepo, ila chache. Mwaka 1979 Mahakama ilikataza kumsimamisha dereva mmojammoja ovyo, bila tuhuma yoyote, kwa ajili ya kukagua leseni tu. Mwaka 1985 iliamua kesi ya Edward Garner, mvulana wa miaka 15 aliyepigwa risasi kichwani kwa nyuma huko Memphis mwaka 1974 akiruka uzio baada ya wizi wa nyumba. Majaji walisema askari hawezi kumpiga risasi mtu anayekimbia ili tu asitoroke, isipokuwa kuna sababu ya kuamini kwamba ni hatari kwa maisha ya wengine.

Miaka minne baadaye ikaja kesi ambayo hadi leo husomwa katika kila chuo cha polisi nchini humo. Dethorne Graham alikuwa na kisukari. Siku moja ya Novemba 1984, huko Charlotte, North Carolina, alihisi sukari imeshuka, akamwomba rafiki ampeleke dukani anunue juisi ya machungwa. Foleni ilikuwa ndefu, akatoka mbio ili wajaribu kwingine. Askari aliyekuwa akitazama aliona mtu anaingia dukani na kutoka haraka, akalifuata gari na kulisimamisha. Kabla haijajulikana kwamba dukani hakukuwa na wizi wowote, Graham alikuwa amefungwa pingu na kuvunjwa mguu, huku waliojaribu kueleza kwamba ni mgonjwa wakipuuzwa. Mwaka 1989 Mahakama iliitumia kesi yake kuweka kipimo cha nchi nzima. Nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa mahali pale, kwa muda ule, akilazimika kuamua kufumba na kufumbua. Kinachojulikana baadaye hakihesabiwi. Graham alirudishwa mahakama ya chini akashindwa kesi yake, na kipimo kilichobeba jina lake kikawa ngao ya askari walioua.

Wakati huohuo vita dhidi ya dawa za kulevya vilikuwa vimehamia barabara kuu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 shirika la serikali kuu la kupambana na dawa za kulevya liliwafundisha askari wa majimbo kutumia makosa madogo ya barabarani kama mlango wa kupekua magari. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu, kwa sauti moja, ilibariki mbinu hiyo katika kesi ya Michael Whren wa Washington. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba maadamu kosa la barabarani lipo, nia halisi ya askari haiwahusu majaji. Askari akitaka kujua kilichomo ndani ya gari lako, anachohitaji ni kukufuata mpaka usahau indiketa.

Matunda yalionekana upesi huko New Jersey. Aprili 1998 askari wawili wa jimbo walilisimamisha gari lililobeba vijana wanne, watatu Weusi na mmoja wa asili ya Kilatini, waliokuwa njiani kwenda North Carolina kwenye mafunzo ya mpira wa kikapu. Gari lilianza kurudi nyuma, askari wakafyatua risasi 11. Watatu walijeruhiwa. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ilikiri kwamba kuwasimamisha watu kwa rangi zao ni jambo lililokuwepo kweli, ikakubali polisi wake wawekwe chini ya uangalizi wa serikali kuu.

Lakini sheria peke yake haifyatui risasi. Lazima kuwe na hofu, na hofu hiyo ilifundishwa darasani. Januari 1998, huko Georgia, kamera ya gari la polisi ilirekodi dakika za mwisho za Kyle Dinkheller, askari kijana aliyemsimamisha dereva kwa mwendo kasi. Dereva, mwanajeshi mstaafu wa vita vya Vietnam, alitoa bunduki garini akamuua. Mkanda ule ulionyeshwa vyuoni kote kwa vizazi vya makuruta, na funzo likawa moja: ukisita, umekufa. Kifo kile kilikuwa cha kweli, na hakikuwa pekee. Hata hivyo mtaalamu wa sheria Jordan Blair Woods, aliyechunguza kumbukumbu za miaka kumi za idara zaidi ya 200 huko Florida, alikadiria mwaka 2019 kwamba katika usimamishaji wa kawaida askari huuawa kwa kukusudiwa mara moja kati ya milioni 6.5. Makuruta walioutazama mkanda wa Georgia walikwenda barabarani na picha ile, na hesabu hiyo hawakuwa nayo.

Mwaka 2015 kamera ziliwageukia askari. Aprili, huko North Charleston, South Carolina, Walter Scott wa miaka 50 alisimamishwa kwa taa ya breki, akakimbia, na askari Michael Slager akamfyatulia risasi nane kwa nyuma akiwa mbali naye. Slager alidai kwamba Scott alimnyang'anya bunduki ya umeme. Kinyozi aliyekuwa akipita kwenda kazini alikuwa amerekodi yote kwa simu, na maelezo hayo yakaporomoka. Hata hivyo jopo la raia, wale ambao katika mahakama za Marekani ndio huamua hatia, lilishindwa kukubaliana. Slager alikuja kufungwa miaka 20 baada ya kukiri kosa mbele ya mahakama ya serikali kuu. Julai mwaka huohuo, huko Cincinnati, Samuel DuBose alisimamishwa kwa kukosa namba ya mbele akapigwa risasi moja ya kichwa. Askari alisema gari lilikuwa likimburuta. Majopo mawili yalishindwa kuafikiana, mashtaka yakafutwa.

Julai 6, 2016 ikawa zamu ya Philando Castile, msimamizi wa jiko la shule ya watoto mjini St. Paul, Minnesota. Huyu alikuwa ameshasimamishwa zaidi ya mara 40 katika maisha yake ya udereva, mara nyingi kwa mambo madogomadogo. Jioni ile sababu aliyoambiwa ilikuwa taa ya breki, ingawa askari Jeronimo Yanez alikuwa amewaambia wenzake kwa redio kwamba dereva, kwa upana wa pua yake, anafanana na mshukiwa wa ujambazi. Castile alimweleza kwa adabu kwamba ana silaha, nayo alikuwa na kibali chake. Sekunde chache baadaye Yanez alifyatua risasi saba. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mtoto wa miaka minne. Mama wa mtoto huyo, aliyekuwa mchumba wa Castile, alirusha tukio moja kwa moja mtandaoni huku mwenzake akivuja damu. Mwaka uliofuata Yanez aliachiwa huru. Kila hatua ya karne ile ilikutana katika gari moja: taa kama kisingizio, hofu ya darasani, na kipimo cha kufumba na kufumbua.

Aprili 2021, katika jimbo hilohilo, askari aliyemuua George Floyd akiwa bado kizimbani, Daunte Wright wa miaka 20 alisimamishwa Brooklyn Center. Stika ya usajili ilikuwa imepitwa na muda, na kidude cha manukato kilining'inia kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Askari Kim Potter, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20, alipiga kelele kwamba anatumia bunduki ya umeme, kumbe ameshika bastola. Wright akafa, naye Potter akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Mwaka huohuo gazeti la New York Times lilihesabu kwamba katika miaka mitano polisi waliua zaidi ya madereva na abiria 400 ambao hawakushika bunduki wala kisu na hawakuwa wakifukuzwa kwa kosa la kutumia nguvu. Askari waliotiwa hatiani kwa vifo hivyo walikuwa watano.

Kisha habari ikafika Grand Rapids, katika mji ambako maofisa wa pombe walijifanya wanunuzi mbele ya Carroll na Kiro. Asubuhi ya Aprili 4, 2022, askari Christopher Schurr alilisimamisha gari la Patrick Lyoya, Mkongo wa miaka 26, akisema kwamba namba hazilingani na gari. Familia ya Lyoya ilikuwa imekimbia vita mashariki mwa Kongo na kuingia Marekani mwaka 2014 kama wakimbizi. Lyoya alishuka bila kuamriwa, jambo ambalo kwa askari wa Marekani ni ishara ya hatari. Schurr alimwambia arudi garini, akamtaka leseni, akamuuliza kama anajua Kiingereza. Lyoya akaanza kuondoka, Schurr akamkamata, wakakimbizana na kubiringishana kwenye nyasi za mbele ya nyumba ya watu. Bunduki ya umeme ilifyatuliwa bila kumpata, na Lyoya akaishika. Mwisho Schurr, akiwa juu ya mgongo wa Lyoya aliyelala kifudifudi, alimpiga risasi moja kisogoni. Vipimo vya maiti vilionyesha kwamba marehemu alikuwa na pombe nyingi mwilini.

Baba yake, Peter Lyoya, alipokutana na waandishi wa habari alizungumza Kiswahili, mkalimani akawa anageuza kwa Kiingereza. Alisema walikimbia vita wakiamini wamefika kwenye amani, na kwamba mwanawe ameuawa kama mnyama. Wasikilizaji wa Bukavu, Kigoma na Bujumbura hawakumhitaji mkalimani.

Schurr alifukuzwa kazi na kushtakiwa kwa mauaji. Kesi ilisikilizwa mwaka 2025, na utetezi wake ulifuata mantiki ya kipimo cha Graham: aliyekuwa mahali pale alimwona mtu mwenye bunduki ya umeme mkononi, akahofia maisha yake. Mei 8 jopo lilishindwa kukubaliana, na kabla mwezi haujaisha mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hataifungua kesi upya.

Mei hiyohiyo Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Ashtian Barnes, aliyesimamishwa karibu na Houston mwaka 2016 kwa sababu gari la kukodi alilokuwa akiendesha lilikuwa na deni la tozo za barabara. Gari lilipoanza kusogea, askari alilirukia mlangoni akafyatua risasi mbili ndani. Mahakama za chini zilikuwa zimezitazama sekunde mbili tu, zile za askari akining'inia nje ya gari, bila kuuliza alifikaje pale. Majaji wote tisa, kwa kalamu ya Jaji Elena Kagan, walisema hiyo si haki, na kwamba tukio zima lipimwe tangu mwanzo.

Huo ni ushindi wa kweli kwa familia zitakazokuja mahakamani, lakini unaanza kufanya kazi mtu akiwa ameshakufa. Uamuzi wa Carroll bado ni sheria, na vilevile wa Mimms, wa Graham na wa Whren. Miongoni mwa waliogusa mzizi ni wabunge wa jimbo la Virginia na madiwani wa Philadelphia. Virginia, tangu Machi 2021, imewakataza polisi kumsimamisha dereva kwa makosa kadhaa madogo ya vifaa, na ushahidi unaopatikana kwa kuvunja katazo hilo haupokewi mahakamani. Philadelphia ilifuata mwaka 2022. Kosa linabaki kosa, na mwenye gari anaweza kutumiwa faini kwa posta. Mabadiliko hayo hayangojei askari awe jasiri zaidi wala jopo liwe kali zaidi. Yanaondoa makutano yenyewe, na vyama vya polisi vimeyapinga. Taa moja ya breki, sababu iliyotolewa ya kumsimamisha Walter Scott, haitoshi tena kumsimamisha dereva katika jiji ambako Harry Mimms alishushwa garini.